Hajawahi kula kitimoto, tegu kaingiaje kichwani?

Juzi msomaji wa Makambako kaniandikia: "Kaka, sisi ni Wasabato, nguruwe hatumgusi. Mdogo wangu ana kifafa, hospitali wakampiga picha ya kichwa wakasema ni lava wa tegu. Hawajachanganya majibu na ya mtu mwingine?"

Hawajachanganya, dada yangu. Lava ni tegu mchanga, na tegu mwenyewe, yule mnyoo bapa wa utumboni, mimi namjua, nimewahi kuishi naye.

Kwetu ni Mbozi, kitimoto tumekulia. Tegu wangu nilimgundua chooni: kipande bapa, cheupe, hakifiki sentimita mbili, kesho yake vingine vinne vimeungana. Tumbo haliumi wala sikukonda, kitambi changu kilikuwa palepale. Zahanati wakapima choo, nikapewa dawa ya minyoo, prazikwanteli, yakaisha.

Kilichouma ni nyumbani. Shemeji akanitengea sahani na kikombe, watoto wakakatazwa kunisogelea, na mpaka leo kwenye sherehe hakosekani wa kuuliza, "Vipi, mpangaji wako hajambo?" Nacheka nao. Lakini ndoo ya kunawia pale mlangoni mwa choo nani aliiweka? Mimi. Sabuni nanunua mimi, na ikiisha wananiangalia mimi.

Sasa sikiliza. Nyama ya nguruwe yenye vifuko vya lava, ukiila haijaiva ndani, inakupa tegu wa utumboni, wa mita 2 hadi 7. Ugonjwa wa kichwani unapita njia nyingine: mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu mwenye tegu huyo. Hajanawa, anakukatia kachumbari, umeyameza. Lava wanatoboa utumbo, damu inawabeba hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Nguruwe naye huyapata hivyohivyo, akila kinyesi chetu vichakani, ndiyo maana asiyefungiwa bandani ana hatari.

Mwaka 1992 madaktari wa New York waliandika habari za wagonjwa 4 wa jamii ya Wayahudi wa Orthodox, watu wasioonja nguruwe kabisa. Uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu wengi. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba kwenye maeneo ya namna hiyo tegu anahusika na karibu asilimia 30 ya kifafa. Halafu sisi tunakimbilia kusema karogwa!

Wewe na mimi tunataka watoto wasome wafike mbali. Basi nawa mikono ukitoka chooni. Nawa kabla ya kupika. Chimba choo, kitumie, nguruwe afungiwe, kitimoto kiive mpaka ndani. Na unawe, nasema tena, kwa sabuni. Watu wanachanga mamilioni ya harusi, choo hakina mlango.

Dada, pelekeni choo cha wote nyumbani kikapimwe, kuanzia baba mwenye nyumba, msimrukie dada wa kazi peke yake. Na mdogo wako msimnunulie dawa ya minyoo dukani. Prazikwanteli ikiua vifuko vilivyo kichwani, ubongo unaweza kuvimba na degedege kuzidi. Daktari ndiye anayejua kama aitoe, na humpa pia dawa ya kuzuia uvimbe. Za kifafa aendelee kuzimeza kama alivyoandikiwa, hata akikaa muda mrefu bila kuanguka.