Mwaka wa twiga wa Malindi

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Malindi hatujambo, baba yako anakusalimu. Nimecheka nilipokusoma. Wenzako wa kazini huko Uingereza wamekusimulia vita vya Agincourt, vya Waingereza na Wafaransa, mpaka ukachoka, nawe ukaniuliza: "Mama, mwaka huo wa 1415, sisi tulikuwa na nini?"

Tulikuwa na twiga.

Mwaka huo wajumbe wa Malindi walimpelekea twiga mfalme Yongle wa Uchina. Mwaka uliotangulia mtawala wa Bengal alikuwa ameshampelekea mmoja, na wakuu wa Kichina wakaamini kwamba huyo ndiye qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza pale tu anapotawala mfalme mwema. Wa Malindi alipofika, Yongle mwenyewe alitoka hadi lango la kasri kumpokea, pamoja na punda milia. Sifa hakuzichukua, alisema ni kwa wema wa marehemu baba yake na msaada wa mawaziri. Maneno ya adabu hayo, lakini mtu asiyejali haendi mpaka langoni.

Mimi kinachonishughulisha zaidi ni safari yenyewe. Ndama wa twiga huzaliwa na kimo cha karibu mita 1.8, hata baba yako hamfikii. Huyo umtie chomboni, umvushe bahari ya Hindi, upite Malaka, ufike Uchina akiwa hai! Kuna mtu alimkatia majani kila siku, akamshika shingo bahari ilipochafuka, akamgawia maji ambayo mabaharia wenyewe waliyahitaji. Jina la mtu huyo hakuna aliyeliandika, nami ningetoa majina ya wafalme watano nilipate lake.

Sasa hao wenzako. Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, aliuzingira mji wa Harfleur huko Ufaransa, askari wake wakaugua tumbo la kuhara, akaamua kukimbilia Calais, bandari ya huko iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 25 Oktoba Wafaransa wengi kuliko wao wakamzibia njia. Usiku kulinyesha, na uwanja ulikuwa shamba lililotoka kulimwa. Mashujaa wa Kifaransa waliovaa chuma wakazama matopeni huku mishale ikiwamiminikia. Ushindi mkubwa, sikatai, ila alipohofia kushambuliwa tena Henry aliamuru mateka wauawe. Hilo sijui kama walikusimulia. Na kabla ya hapo, tarehe 6 Julai, huko Konstanz, Ujerumani, maaskofu walikuwa wamemhukumu padri Jan Hus wa Bohemia, akachomwa moto akiwa hai, ingawa alikwenda na hati ya usalama kutoka kwa mfalme Sigismund wa Ujerumani.

Lakini ukiniuliza mimi ni lipi la mwaka ule lililokuja kutufikia mlangoni, nitakutajia Ceuta, mji wa Waislamu upande wa Afrika wa mlango wa bahari wa Gibraltar. Tarehe 21 Agosti mfalme João wa Ureno alishuka hapo na wanawe, na mji ukaanguka siku hiyo hiyo. Askari walipasua magunia ya viungo wakitafuta dhahabu, wakakanyaga pilipili manga na mdalasini, mali ambayo wajukuu wao wangeizungukia Afrika nzima kuitafuta. Msikiti mkuu ukafanywa kanisa. Mmoja wa wale wana ni Henrique, kijana wa miaka 21. Mama yake, Philippa, alikuwa Mwingereza, na alikufa kwa tauni mwezi mmoja tu kabla. Huyo Philippa ni shangazi yake Henry wa Agincourt. Yaani ni mtu na mtoto wa mjomba wake, mmoja vitani Ufaransa, mwingine Ceuta, mwaka mmoja!

Misafara ya dhahabu ikaihama Ceuta, na Henrique akaanza kutuma meli zishuke pwani ya magharibi ya Afrika. Wachina nao walikuja huku kwetu na majahazi yao makubwa kuwarudisha wajumbe, kisha baada ya 1433 wakaacha kabisa. Kwa hiyo Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, alikuta vyombo vya Wahindi tu na sultani mwenye ugomvi na Mombasa. Sultani alimpokea vizuri, akampa na rubani wa kumfikisha Calicut, huko India.

Mama yako