Kabla hujaomba ruzuku ya mazingira, fuata korongo mpaka juu

Vikundi vingi vya hapa Dodoma vinavyoniletea maandiko ya kuombea ruzuku niyapitie vinaomba mambo yaleyale: kisima kirefu, tenki, na miche elfu kadhaa. Shida yao ni ya kweli. Tunaishi kwenye mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mkoa haifikishi milimita 600 kwa mwaka. Lakini ruzuku ya mazingira haitolewi kwa kuchimba kisima. Kazi hiyo ni ya mamlaka za maji: RUWASA vijijini na DUWASA mjini. Mfuko wa mazingira unataka kujua maji ya kisima hicho yanatoka wapi, kuna uharibifu gani huko yanakotoka, na nani atabadilisha nini ili uharibifu ukome. Andiko lisilojibu hayo hurudishwa hata kama limeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka.

Kwa hiyo ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote ni huu: usifungue kompyuta kwanza. Tafuteni mzee anayekumbuka mto ulivyokuwa, akina mama wawili watatu wanaochota maji, na mfugaji. Fuateni korongo kuanzia pale mnapochota hadi linakoanzia. Mtapita kwenye njia ya ng'ombe iliyokwisha kuwa mfereji. Mtapita kwenye shamba la mtama ambalo matuta yake yanashuka na mteremko badala ya kuukinga. Huko juu mtakuta visiki vya migunga, na pembeni yake weusi wa tanuri la mkaa. Kila mnapoona jambo, ulizeni nani anafanya hapa, tangu lini, na anapata nini. Majibu hayo ndiyo andiko lenyewe, kinachobaki ni kuyapanga.

Na mkifika kwenye mto wa mchanga, simameni hapo muda mrefu zaidi. Mito yetu mingi hukauka juu lakini maji yanabaki chini ya mchanga, ndiyo maana mama wa Kigogo anafukua kisima katikati ya mto mwezi wa tisa na kupata ndoo. Mchanga ule ndio tenki letu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, jiji linajengwa usiku na mchana, na mchanga wa kujengea unatoka mitoni. Kila tipa inayopanda kutoka mtoni imebeba sehemu ya lile tenki. Nimeona vikundi vikiacha jambo hili nje ya andiko kwa sababu kijiji kinapata ushuru wa mchanga, au kwa sababu vijana wao wenyewe ndio wapakiaji. Liandikeni wazi. Semeni ushuru huo unasaidia nini kijijini, semeni ni sehemu ipi ya mto kijiji kimekubali isiguswe, na wale vijana watafanya kazi gani badala yake. Mfadhili anayejua maeneo haya ataliona hilo shimo la mchanga siku atakayokuja kukagua, na asipolikuta kwenye andiko lenu ataanza kujiuliza mmeficha nini kingine.

Wazee waulizeni pia habari za HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Mradi ule ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limemomonyoka vibaya, kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti vilirudi, hilo hakuna anayelikataa. Lakini muulize mtu ambaye ng'ombe wa baba yake walihamishwa, atakueleza upande wa pili: nani alikosa maziwa, na nani alihama moja kwa moja. Somo la HADO linawafaa sana waandishi wa leo. Ardhi yetu inapona upesi kuliko tunavyodhani ikipumzishwa, na watu hawakubali kuipumzisha wasipoambiwa watakula nini. Andiko lenye sentensi "jamii itaelimishwa kuacha kuchunga kwenye chanzo" halijamjibu mfugaji. Lile linalotaja mahali pa kunyweshea mifugo nje ya chanzo, njia ya kupitisha ng'ombe iliyokubaliwa, na eneo la ngitiri, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, hilo limemjibu.

Baada ya kutembea, pimeni. Hapa ndipo ninapoona andiko dogo likilishinda kubwa. Kuna kijiji kimoja cha Chamwino nilichofanya nacho kazi ambako akina mama walikuwa wakipima kina cha kisima cha mchangani kila mwezi kwa fito iliyotiwa alama, na binti mmoja wa sekondari anaandika kwenye daftari. Kila baada ya mvua kubwa walichota maji kwenye chupa ya plastiki angavu, wakaiacha ilale, asubuhi wakapima tope lililotua chini kwa rula. Walipiga picha pia kutoka kwenye jiwe lilelile, Oktoba na Machi. Mkaguzi wa mfuko alipokuja aliomba daftari kabla ya kuomba kingine chochote, kisha akaenda nalo kisimani kupima mwenyewe. Mradi ule ulipita. Hawakuwa na mtaalamu wa haidrolojia, walikuwa na kumbukumbu zisizo na pengo.

Thamani ya kumbukumbu za namna hiyo tunaijua hapahapa Dodoma. Visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, vimelisha mji huu kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji vimetunzwa pale tangu miaka ya 1950. Kwa vipimo hivyo watafiti walionyesha kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Liwekeni jambo hili kwenye andiko lenu kwa sababu linabadilisha hoja yote. Mvua kubwa ikishuka kwenye mlima mtupu, inabeba udongo na kwenda nao. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa tope la namna hiyo. Mvua hiyohiyo ikishuka kwenye mlima wenye nyasi na makinga maji, inapata nafasi ya kuzama. Kazi mnayoiombea fedha ni kuuandaa mlima kwa ajili ya ile mvua moja kubwa.

Sasa vibali. Mkoa wetu umegawanyika kati ya mabonde matatu ya maji, kwa hiyo lazima mjue korongo lenu linamwaga wapi. Kinyasungwe inakwenda Wami, na ofisi yake ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iliyoko Morogoro. Bubu inaishia kwenye majaruba na tindiga la Bahi, hiyo ni Bonde la Kati, ofisi Singida. Yanayoshuka kwenda Mtera ni ya Rufiji, ofisi Iringa. Barua ya bodi sahihi ina uzito mkubwa, na kama mnataka kujenga chochote kinachozuia maji mtoni, hata kibwawa kidogo cha mchanga, bodi ipitieni kwanza. Tajeni pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Halafu leteni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye mahudhurio na sahihi, unaoonyesha wananchi walikubali mpaka huo. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji peke yake hautoshi. Ardhi ni ya wote, na wanaolima ndani ya zile mita 60 lazima majina yao yawe kwenye mahudhurio.

Kuhusu wa kumwomba, nitasema machache. Kwa kikundi cha kijiji kilichosajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, au kwa shirika dogo, mlango wa kawaida ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), iliyoanza mwaka 1992 na kusimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kikomo chake kwa miaka mingi kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, ila wengi wangefanya vizuri kuomba chini ya hapo. Haitoi kwa mtu binafsi. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002, unafaa pale chanzo chenu kinapokuwa ndani au pembeni ya msitu. Mfuko wa Kimataifa wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi (Adaptation Fund) huingia nchini kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na Kongwa imewahi kupata mradi kwa njia hiyo, lakini fedha zake ni kubwa mno kwa kikundi kuomba peke yake. Njia ya kufika huko ni kuungana na halmashauri au chuo.

Kosa kubwa ninalolikuta kwenye bajeti ni kalenda. Mwaka wa mfadhili haujui mvua zetu. Fedha ikiingia Aprili na ratiba ikasema "mwezi wa kwanza: kupanda miche", miche imekufa tayari. Andikeni ratiba kwa kufuata msimu: makinga maji na mashimo yenye umbo la nusu mwezi yachimbwe Septemba hadi Novemba, nyasi na miti ipandwe mvua inapokolea Desemba na Januari, kiangazi kiwe cha ulinzi na kupogolea. Elezeni wazi, fedha ikichelewa, mtaanza na kazi gani. Na kabla ya kuomba miche elfu kumi, angalieni ardhini kuna visiki vingapi vilivyo hai. Kisiki hai, jinsi kinavyofahamika sasa Dodoma nzima, kina mizizi tayari. Hakihitaji kumwagiliwa. Kinahitaji mtu wa kuchagua machipukizi machache yenye afya, kuondoa mengine, na mbuzi wasiyafikie. Gharama yake ni ndogo kwa mbali, na mkaguzi akikuta mmeanza wenyewe kwenye ekari chache kabla ya fedha, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Nguvukazi yenu ihesabuni. Mita moja ya kinga maji inachukua muda gani kwa mtu mmoja, kibarua kijijini kinalipwa shilingi ngapi kwa siku, zidisheni. Huo ndio mchango wa jamii ambao mifuko mingi inauulizia, na mara nyingi unafika sehemu kubwa ya bajeti bila mtu kutoa shilingi mfukoni. Msiutie chumvi, maana mtatakiwa kuuonyesha kwenye taarifa.

La mwisho ni risiti, kwa sababu hapa ndipo vikundi vizuri hukwama katika awamu ya pili. Fundi wa kijijini hana EFD, mashine ya risiti za kodi. Anayewauzia mawe, mbolea ya samadi na vipando vya nyasi naye hana. Kabla ya kusaini mkataba, mwulizeni mfadhili kwa maandishi kama atapokea fomu ya malipo yenye jina la aliyelipwa, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe, sahihi au dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Akikubali, chapisheni fomu hizo za kutosha na mhifadhi jibu lake kwenye faili moja na mkataba. Akikataa, bei za vifaa kwenye bajeti ziwe za duka la mjini lenye mashine, pamoja na nauli ya kuvifikisha kijijini.