Printa inatoa karatasi lakini skana haionekani: acha draiva kwanza, angalia mtandao

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Mashine ni ile ya tatu kwa moja, iko kwenye Wi-Fi ya steshenari yako, laptop inaprinti bila tatizo, ila ukifungua programu ya kuskani inakujibu hakuna skana iliyopatikana. Umefuta draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na mashine) ukaiweka upya, ukapiga hadi Windows mpya, bado. Na wadau wa juu wanakuambia utafute draiva nyingine tena. Binafsi kazi hizi nazifanya kwenye maofisi na steshenari hapa Morogoro, na kesi ya "inaprinti ila haiskani" huwa siigusi draiva hadi nijue mtandao umekaaje.

Sababu ni kwamba kuprinti na kuskani havipiti njia moja. Ukiprinti, kompyuta tayari inayo IP ya mashine, yaani anwani yake kwenye mtandao, inasukuma kazi moja kwa moja, mara nyingi kwenye poti (mlango) 9100, biashara imeisha. Ukitaka kuskani, programu nyingi zinaanza kwa kutafuta. Kompyuta inapiga ukelele kwenye mtandao, "skana ipo?", halafu inasubiri kuitikiwa. Kwa njia ya WSD, ambayo Windows huitumia kutafuta vifaa, ukelele huo unakwenda 239.255.255.250 poti 3702. Kwa mashine za miaka ya karibuni zinazotumia eSCL, zile zinazoweza kuskani kutoka kwenye simu bila draiva, unakwenda 224.0.0.251 poti 5353. Ukelele huu rauta za kawaida hazivushi kwenda mtandao wa upande wa pili. Kwa hiyo mashine inaweza kuwa nzima, inafikika, inakutolea kopi mia, na bado kompyuta ikaapa kwamba haipo.

Sasa fanya hivi. Kwenye kioo cha mashine, ingia mipangilio ya mtandao usome IP yake (kama haina kioo, ichapishe karatasi ya taarifa za mtandao, nyingi zinayo). Kwenye laptop bonyeza Windows na R, andika cmd, kisha ipconfig. Linganisha mafungu matatu ya mwanzo ya hizo namba mbili. Mashine ikiwa 192.168.1.40 na laptop 192.168.1.23, mko mtaa mmoja. Moja ikisoma 192.168.1 na nyingine 192.168.0, tatizo umeshalishika mkononi. Ukikuta inayoanza na 169.254, hicho kifaa hakikupewa anwani kabisa, kizime ukiwashe na uangalie kama kimeshika Wi-Fi yenyewe.

Kisha fungua brauza, andika http:// ikifuatiwa na IP ya mashine. Ukurasa wa mashine ukifunguka, ujue barabara iko wazi. Ongeza mwishoni mwa anwani hiyo /eSCL/ScannerCapabilities. Mashine yenye eSCL itakumwagia maandishi mengi ya kompyuta. Usiogope, tafuta neno Platen, ndiyo kile kioo unacholazia karatasi. Ukiliona, skana ni nzima na inaongea na laptop yako wakati huo huo ambapo programu inakuambia haipo. Jaribio hili huwa linanyamazisha ubishi wote wa draiva. Ila lisipofunguka usikate tamaa, mashine za zamani hazina eSCL, na nyingine zimezimiwa kwenye mipangilio. Hapo ukurasa wa kwanza unatosha.

Turudi kwenye kesi ya IP zisizofanana, maana ndiyo ninayokutana nayo sana na ndiyo watu hawaiwazii. Kuna ofisi ya shule ya sekondari niliitwa, mhasibu alikuwa akipanda ngazi na flash kwenda kuskani ofisi ya mkuu wa shule, akirudi nayo flash ina virusi. Kuprinti alikuwa anaprinti akiwa mezani kwake. Nilipoinama chini ya meza nikakuta kirauta kidogo kimewekwa na mtu "kuongeza Wi-Fi", waya kutoka rauta kubwa umechomekwa kwenye tundu la WAN (lile la kuingizia intaneti). Hapo tayari kumezaliwa mitandao miwili. Laptop ya mhasibu ilikuwa ndani ya 192.168.0, mashine ya juu kwenye 192.168.1. Kazi ya kuprinti ilikuwa inapita kwa sababu aliyeiweka aliandika IP kwa mkono, na kirauta kinaruhusu kutoka ndani kwenda nje. Ukelele wa kutafuta skana uliishia hapo hapo chini ya meza. Na mashine nayo isingeweza kumtumia faili, kwa sababu kutoka nje kwenda ndani kirauta kinafunga mlango.

Dawa yake haihitaji kununua kitu. Unaingia kwenye mipangilio ya kirauta cha pili, unakipa anwani ya mtandao mkubwa ambayo haitumiwi na kifaa kingine (mfano 192.168.1.250, hakikisha iko nje ya zile rauta kubwa inazogawa), unazima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), halafu ndipo unatoa waya kwenye WAN na kuuchomeka kwenye tundu mojawapo la LAN (yale ya kuunganishia kompyuta). Fuata mpangilio huo. Ukianza na waya, rauta mbili zitagombania kugawa anwani na ofisi nzima itakusema. Kama menyu yake ina "Access Point mode", chagua hiyo, itakufanyia yote. Laptop ya mhasibu ikapata 192.168.1, mashine ikajitokeza kwenye orodha bila draiva yoyote kuguswa.

Kama IP zako zinafanana, nenda kwenye Settings, Network & internet, bonyeza jina la Wi-Fi yako, angalia imeandikwa "Public network" au "Private network". Ikiwa Public, Windows inajificha na haitafuti wenzake. Kuprinti kunaendelea, skana inapotea. Weka Private. Wewe umepiga Windows mpya, na Windows mpya ikikutana na Wi-Fi kwa mara ya kwanza kwa kawaida huiweka Public, kwa hiyo hapa nakushuku sana. Antivairasi yenye fayawoli yake nayo izime kwa muda wa kujaribu tu, kisha iwashe. VPN pia izime. Najua tunazo, na najua kwa nini tunazo, lakini ikiwa hewani laptop inaweza kuacha kuona vifaa vya nyumbani kwake.

Watumiaji wa MiFi na hotspot ya simu, hii ni yenu. Kuna vifaa vinavyozuia waliounganishwa wasionane, kila mmoja anaona intaneti tu. Kwenye menyu kinaitwa "AP isolation" au "client isolation", kizime. Wi-Fi ya wageni nayo ndivyo ilivyo, usiweke mashine ya kazi kule. Hotspot ya simu inaweza kukubali leo, kesho simu ikagawa namba tofauti na draiva ikabaki inaita IP ya jana. Kwa steshenari inayoskani vyeti vya watu kutwa nzima msimu wa maombi ya mikopo, hotspot ni kujitafutia presha. Rauta ndogo tu inatosha hata bila bando, maana kuskani hakuhitaji intaneti. Ndani ya rauta hiyo ifungie mashine IP moja isibadilike.

Kingine cha haraka: Windows na R, services.msc, tafuta "Windows Image Acquisition", huduma ya Windows inayohudumia skana. Iwe inafanya kazi na iwe Automatic. Zile programu za "kuongeza spidi ya kompyuta" hupenda kuizima, na kwa kuwa printa haiihitaji, hakuna anayegundua. Hapo hapo angalia na "Function Discovery Provider Host".

Yote yakiwa sawa na bado haionekani, acha kuitafuta, ipe IP mwenyewe. Epson wana Epson Scan 2 Utility, ina sehemu ya kuongeza anwani. Brother utaiandika kwenye sifa za skana, ukurasa wa Network. Na kuna programu ya bure inaitwa NAPS2, inajua eSCL, unaiandikia IP na inaskani. Mimi naiweka hata kwa wateja wasio na tatizo, ni nyepesi na inatoa PDF ya kurasa nyingi bila kelele. Pia hakikisha ulichopakua ni furushi kamili la mashine yako. Zile "universal print driver" nyingi ni za kuprinti peke yake, hazina skana ndani.

Na mdau aliyeuliza hapo juu kuhusu mashine yake kubwa kukataa kutuma skani kwenye folda ya kompyuta: hiyo ni shida nyingine. Mashine za zamani zinajua SMB1 tu (njia ya kale ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), na Windows 10 iliacha kuja nayo tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Utaona video zinakuonyesha kuiwasha tena. Usiiwashe, kirusi cha WannaCry cha Mei mwaka huo huo, kilichofunga mafaili ya watu, kilipita kwenye mlango huo. Tumia FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili) kama mashine inayo, au iskani kwenye barua pepe.

Mleta uzi, weka hapa hizo IP mbili, ya mashine na ya laptop, na useme Wi-Fi yako imeandikwa Public au Private. Jina la mashine na namba yake pia, kama ni ya zamani isiyo na eSCL tutaelekezana tofauti.