Ametoka ICU, lakini hesabu za duka zinampiga chenga

SWALI: Mume wangu, miaka 46, alilazwa ICU siku 17 kwa nimonia, 12 kati ya hizo akiwa kwenye mashine ya kupumua. Huu ni mwezi wa nne tangu atoke. Mwili umerudi, lakini juzi amemlipa mletaji simiti mara mbili. Usiku hushtuka akidai nesi alimfunga amuue. Ndugu zake wanasema amerogwa. Nifanyeje? – Mama Kevo, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama Kevo, hajarogwa wala hajifanyi. Ugonjwa ulikuwa kifuani, lakini ubongo nao uliumia: upungufu wa oksijeni, maambukizi makali, dawa za kumlaza, na hasa kuweweseka, yaani kuchanganyikiwa akili ghafla wakati wa ugonjwa mkali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliosajili wagonjwa mahututi 821, ulikuta kwamba mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali, takriban 1 kati ya 3 waliopimwa alikuwa na akili iliyozubaa kama ya mtu aliyepata jeraha la wastani la kichwa. Hata vijana walikuwamo. Walioweweseka siku nyingi ndio walioathirika zaidi.

Kwanza mrudishe kliniki na barua yake ya kuruhusiwa. Apimwe damu, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana upungufu wowote hapo huleta usahaulifu unaotibika. Beba dawa zote anazomeza. Ukikuta za usingizi kama diazepamu, uliza kama bado anazihitaji. Mara nyingi huanzishwa wodini na hakuna anayekumbuka kuzisimamisha. Asiziache ghafla, daktari ndiye atakayezipunguza.

Kuhusu nesi, usibishane naye. Huenda kweli alifungwa: mikono hufungwa kitandani ili mgonjwa asing'oe mpira wa kupumulia, na ubongo unaoweweseka hujitungia sababu yake. Chukua daftari, andika siku zile 17 moja moja: tarehe, nani alimtembelea, lini mpira ulitolewa, lini aliongea mara ya kwanza. Mlisome pamoja, mchana, akitaka mwenyewe. Ndoto zikiendelea, au akiogopa hata kupita karibu na hospitali, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Akianza kusema heri angekufa, usingoje miadi: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu nayo hupigwa bure.

Sasa duka. Arudi kwa saa mbili za asubuhi, akili ikiwa haijachoka, redio imezimwa, kazi moja kwa wakati. Kabla ya kugusa simu aandike daftarini jina, kiasi na bidhaa. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, anakili msimbo wake kando ya mstari huo. Mstari wenye msimbo umeshalipwa, hata kama kichwani anaona bado. Malipo makubwa ya simiti na mabati shikeni wawili. Mwambie hivyo waziwazi. Ukimnyang'anya simu kimyakimya utamvunja moyo, na moyo uliovunjika husahau zaidi.

Gari asiendeshe mpaka daktari aridhike na umakini wake. Atembee nusu saa kila siku, na pombe aiache kabisa kwa sasa. Nafuu huja polepole, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa wengine hubaki na mapengo. Pima kwa daftari: hesabu makosa ya wiki hii, uyalinganishe na ya mwezi ujao. Yakiongezeka, usisubiri, mrudishe kliniki.