Maswali ya Wasomaji: Wagothi, Warumi na Vita vya Chakula

Je, ni kweli Wagothi waliivamia Dola ya Roma mwaka 376?

Hapana, walikuja kuomba hifadhi. Wahunni walikuwa wamewafukuza kwao kaskazini ya Bahari Nyeusi, na kundi moja kubwa, Watervingi, likajazana ukingoni mwa mto Danube likiongozwa na Fritigern na Alavivus. Wajumbe wao walimfuata Valens, Kaisari wa Mashariki, hadi Antiokia, naye akakubali kwa kuwa alihitaji askari wapya. Wakavushwa usiku na mchana kwa mashua, mitumbwi na vyelezo vya magogo. Mto ulikuwa umefurika, wengi wakafa maji.

Kilichoharibu mambo ni chakula. Lupicinus, mkuu wa majeshi ya Thrakia, eneo la Roma kusini ya Danube, na mwenzake Maximus waliwaacha watu wakae na njaa, kisha wakawauzia mbwa wa kula: mbwa mmoja kwa mtu mmoja wa kufanywa mtumwa. Hata watoto wa wakubwa walichukuliwa hivyo. Manung'uniko yalipozidi, Lupicinus aliwatoa askari mtoni ili wawasindikize Watervingi hadi Marcianople, mji ambao leo ni Devnya, Bulgaria. Mto ukabaki bila ulinzi, na Wagreuthungi, kundi jingine la Wagothi lililokuwa limenyimwa ruhusa, wakavuka bila kumuuliza mtu.

Huko Marcianople, Fritigern alikuwa karamuni kwa Lupicinus huku watu wake wakizuiwa wasiingie mjini kununua chakula. Ugomvi ukazuka, walinzi wake wakauawa, naye akaponyoka kwa kusema ni yeye tu awezaye kuwatuliza watu wake. Lupicinus alipowafuata na jeshi alishindwa vibaya, na Wagothi wakachukua silaha za askari waliokufa. Kuyaita haya uvamizi ni kuwaonea watu waliofika na ruhusa ya Kaisari.

Jeshi la Roma lilishindwaje pale Adrianople, mji ambao leo ni Edirne, Uturuki?

Kwa haraka, joto na kiu. Wapelelezi walimwambia Valens kwamba Wagothi ni 10,000 tu. Mpwa wake Gratian, Kaisari wa Magharibi, alikuwa njiani na msaada, lakini Valens hakutaka kugawana naye sifa. Tarehe 9 Agosti 378 akawatoa askari wake asubuhi, akaiacha mizigo chini ya kuta za mji. Walitembea juani bila kula, wakafika mchana na kuwakuta Wagothi nyuma ya duara la magari yao ya kukokotwa. Fritigern alikuwa ameamuru nyika ichomwe, moshi na joto viwazidi.

Kisha akaanza kutuma wajumbe wa amani, mmoja baada ya mwingine. Wapanda farasi wake, chini ya Alatheus na Saphrax, walikuwa mbali, na kila saa ya mazungumzo iliwasogeza karibu. Mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, kikosi kimoja cha Kirumi kikashambulia bila amri, kikarudishwa nyuma. Papo hapo wapanda farasi wa Kigothi wakatokea. Ubavu wa kushoto wa Warumi, uliokuwa umefika hadi kwenye magari, ukaachwa bila farasi wa kuukinga, ukavunjika. Askari wa miguu wakabanwa hata mtu hakuweza kuchomoa upanga wala kuurudisha mkono nyuma apige. Takriban theluthi mbili ya jeshi iliangamia, na mwili wa Valens haukuonekana tena.

Kwa nini Alaric, mfalme wa Wagothi, aliwadai Waroma pilipili manga?

Kwa sababu ilikuwa mali. Ililetwa kutoka India kupitia Bahari ya Shamu na Misri, ilidumu bila kuoza, na ilibebeka. Mwaka 408, alipoizingira Roma, alidai ratili 5,000 za dhahabu, 30,000 za fedha, kanzu 4,000 za hariri, ngozi 3,000 zilizotiwa rangi nyekundu na ratili 3,000 za pilipili, ambazo ni kama kilo 980. Hakuhitaji kubomoa ukuta: alifunga mto Tiber, nafaka ikakatika, na posho ya mkate ikashuka hadi nusu, kisha theluthi.

Alitaka hasa ardhi na cheo, na Kaisari Honorius alikataa. Ndipo tarehe 24 Agosti 410 akaingia Roma kwa Lango la Salaria, akapora siku tatu. Waliokimbilia makanisa ya Petro na Paulo hawakuguswa. Baadaye akaelekea kusini ili avuke hadi Afrika kwenye nafaka. Dhoruba ikavunja merikebu, naye akafa karibu na Cosenza.

Warumi waliwahi kuishinda njaa ya kuzingirwa?

Ndiyo, mwaka 537, Vitiges, mfalme wa Wagothi, alipoizingira Roma iliyoshikwa na Belisarius, jemadari wa Kaisari Justinian. Vitiges alikata mifereji ya maji, na vinu vya kusagia vilivyoendeshwa na maji hayo vikasimama. Belisarius akafunga kamba imara toka ukingo hadi ukingo wa Tiber, chini kidogo ya daraja, mahali mkondo ulipotoka kwa nguvu. Akazifungia mashua mbili mbili, zikiachana futi mbili, kila moja ikiwa na kinu, na katikati yake akaning'iniza gurudumu lizungushwe na maji.

Wagothi walipopata habari wakatupa magogo na maiti mtoni ili vyombo hivyo vivunjike. Jibu la Belisarius likawa minyororo mirefu ya chuma iliyokatiza mto juu ya daraja. Takataka zikanasa hapo, watu wakazitoa, vinu vikaendelea kusaga. Kuzingirwa huko kulidumu mwaka mmoja na siku tisa, na mwishowe Wagothi, wakiwa wenyewe wameshikwa na njaa na maradhi, wakachoma kambi zao na kuondoka.