Betelgeuse ilififia, lakini haikuwa inakufa

Unauliza kama nyota Betelgeuse ilipofifia ilikuwa karibu kulipuka? Hapana ndugu, kufifia kwake hakukuwa dalili kwamba inalipuka kesho. Nyota hii hupanda na kushuka mwanga miaka yote, kwa mzunguko wa takriban siku 400, maana ni jitu kuu jekundu, yaani nyota kubwa mno, linalovimba na kusinyaa.

Kilichotokea mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 kilizidi kawaida: ilibaki na karibu theluthi ya mwanga wake. Ilitema gesi nyingi, ile gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likatuziba sisi huku. Basi ni kama moshi wa kuni mbele ya taa. Kulipuka italipuka, ila huenda ni baada ya miaka 100,000, kwa hiyo usikeshe.

Unaweza kuifuatilia bila darubini. Januari jioni tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari. Ile nyekundu iliyo kaskazini yake ndiyo yenyewe. Ilinganishe na nyota Rigel, upande wa pili wa mstari, na Aldebaran, nyota ya rangi ya chungwa iliyo kaskazini-magharibi ya mstari. Kwa kawaida mwangaza wake huwa kati ya mwangaza wa hizo mbili. Ile 2020 ilishuka hadi kukaribiana na jirani yake Bellatrix, kitu ambacho macho matupu yaliona wazi kabisa.