Bustani ya mtaa na njia ya mkato

SWALI: Ndugu Mhariri, bustani ya mtaani kwetu imetengenezwa upya kwa vijia vya zege vinavyopindapinda na mabenchi yaliyopangwa katikati. Watu hawavifuati, wanakata moja kwa moja kutoka stendi ya daladala hadi sokoni mpaka ukoka umekufa, na bango la "Usikanyage majani" halisaidii. Mabenchi ni matupu, ilhali watu wamebanana kwenye ukuta mfupi kando ya barabara. Je, huu si ukosefu wa ustaarabu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mimi siwalaumu. Aliyejitwika tenga la nyanya hana sababu ya kuzunguka ili apendeze ramani. Kijia kinachopinda humfaa aliyekuja kupunga upepo, wala si mpita njia, na bustani nzuri huwatengea wote wawili nafasi. Wabunifu wa bustani Olmsted na Vaux walilijua hilo katika mchoro wao wa Central Park, New York, mwaka 1858: barabara nne za kukatisha bustani walizishusha chini ya usawa wa ardhi, magari ya farasi yapite bila kuwasumbua wanaotembea.

Kuhusu mabenchi, mfano mzuri ni Bryant Park, katika jiji hilohilo. Ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kuzungushiwa uzio na vichaka, hivyo aliye nje hakuona ndani, na katika miaka ya 1970 wauza dawa za kulevya waliitawala. William H. Whyte, mtafiti aliyezoea kupiga filamu watu wakiwa katika maeneo ya wazi, alishauri ifunguliwe. Iliporejeshwa kwa umma mwaka 1992, vichaka vilikuwa vimeondolewa, milango imepanuliwa, na viti vyepesi vya kuhamishika vimewekwa. Whyte aligundua kwamba mtu hukisogeza kiti kidogo kabla ya kukaa, hata pasipo haja. Nadhani ni kujihakikishia tu kwamba mahali hapo ni pake.

Ukuta wenu una wapita njia wa kutazama, jambo ambalo benchi la katikati halina. Jioni pale Forodhani, Unguja, vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe, nao watazamaji husogea ukingoni, mishkaki mkononi.

Kwa hiyo mwageni zege palipokufa ukoka, kisha hamishieni mabenchi mawili karibu na ukuta, penye kivuli. Bango ling'oeni.